Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: choya, kinywaji chake na nyuzi zake

Ndugu wanachama wa Sikonge, Uyui na Tabora mjini,

Choya, yaani rosela, ilistawi msimu huu. Kilichotuangusha ni ukaushaji. Magunia yaliyorudishwa na mnunuzi yalikuwa na ukungu katikati au maua yaliyopauka, na kasoro zote mbili huanzia kichanjani.

Tunachouza kama ua ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki petali zikishadondoka. Kivunwe kikiwa laini, wiki mbili hadi tatu baada ya ua kuchanua. Ukichelewa, tumba la mbegu lililo ndani hupasuka na mbegu huchanganyika na mzigo. Kutoa tumba, tumia kipande cha bomba jembamba lisiloshika kutu, lililonolewa mdomo: lisukume kutokea upande wa kikonyo, tumba litoke juu, kikombe kibaki kizima. Kisu hukikatakata, na vipande hivyo huishia kuwa vumbi guniani.

Tandaza tabaka moja juu ya wavu, kwenye kivuli chenye upepo. Jua kali hukausha haraka lakini huua rangi, na rangi ndiyo bei. Mei na Juni hewa yetu ni kavu, ila umande hushuka usiku, kwa hiyo funika kila jioni. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Ukipata kilo moja na nusu, maji bado yamo. Unyevu usizidi asilimia 12. Asiye na kipimo akunje ua: likivunjika limekauka, likipinda lirudi kichanjani. Kisha lifungwe ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya gunia, kwani choya kavu hunyonya unyevu wa hewani.

Kwa akina mama wanaouza juisi: gramu 50 za maua makavu kwa lita 2 za maji yaliyochemka. Ipua kwanza, ndipo utie maua, funika dakika 15 hadi 20, chuja kwa kitambaa safi. Kuchemsha muda mrefu huleta rangi ya kahawia. Sufuria ya aluminiamu haifai, maana asidi ya choya huila. Tumieni ya chuma kisichoshika kutu. Maji ya kisima yenye magadi hugeuza wekundu kuwa zambarau. Asali yetu ya miombo huikubali sana juisi hii, itiwe ikishapoa kidogo.

Shambani, msipande choya palipotoka tumbaku. Minyoo fundo ya tumbaku, ile midogo ya udongoni inayotia mizizi mafundo, hushambulia mizizi ya choya vilevile, kwa hiyo tangulizeni karanga.

Wapo wanaotaka maua na nyuzi kwa mmea uleule. Nawasihi tuache. Shina lililosubiri mavuno ya maua limekomaa mno, nyuzi zake ni ngumu na za kukatika. Choya ya nyuzi hupandwa kwa kubanana ili shina lisitoe matawi, hukatwa inapoanza kuchanua, kisha mafungu hulowekwa siku 10 hadi 14. Kuanzia siku ya saba jaribu kuchuna ganda kila siku, kwani likizidi kuoza nyuzi hupoteza nguvu. Chimbeni shimo la kulowekea. Lambo la mifugo lisiguswe, maji yake yatanuka na kukosa hewa. Choya ya maua ipewe mita 1 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashina.

Wanaotaka kutenga shamba la nyuzi wajiandikishe kwa katibu kabla ya mvua za Novemba, ili mbegu zao zigawiwe kando.