Kabla hujaripoti wodini

Mwanangu,

Umesema Jumatatu unaripoti na tiketi ushakata, sawa, mimi nina neno moja tu na naliandika maana kwenye simu unanikatizaga. Jumapili pale kanisani yule bibi jirani wa fundi cherehani alikuja na mikono yote miwili kukukumbatia, wewe ukarudi nyuma ukampa ngumi ya korona. Nilikuona. Tangu azike mzee wake watoto wake wako Mwanza huko, anashikwa na nani? Na wewe nesi mzima!

Najua utaniambia Marburg, ule ugonjwa wa kuambukizana kwa kugusana. Sikatai, 2023 ilikuwa hapa hapa Bukoba Vijijini, Januari 2025 ikaibuka tena Biharamulo, tulinawa mpaka ngozi ikachubuka. Glavu vaa, wakisema mbili vaa mbili. Ila ugonjwa uliisha na mikono yenu haikurudi, hicho ndo kinaninyima usingizi.

Kasome Marko 1. Mwenye ukoma kapiga magoti, Yesu ananyosha mkono anamgusa, ndipo ukoma unaondoka. Baada ya kuguswa! Na angeweza kusema neno tu akiwa mbali, maana wale kumi wa kwenye Luka hakumgusa hata mmoja na wote walipona, kwa hiyo huyu alimgusa kwa kutaka mwenyewe.

Ya mjomba wako unayajua siyarudii, ya sahani ndo huyajui. Hiyo miaka ya tisini ukimwi umejaa Kagera nzima, sisi tulikuwa watu wa maombi kweli kweli, nilimsomea Zaburi kila jioni nimesimama mlangoni. Sahani yake ilikuwa na tone la rangi ya kucha kwa chini isije ikachanganyika na zetu. Rangi ya kucha nyumba ile alikuwa anapaka mtu mmoja. Na redioni walishasema hauambukizi kwa sahani wala kwa kushikana mikono, tulisikia. Basi.

Kwa hiyo ukishachoma sindano usikimbilie faili, kaa hapo pembeni mshike mkono mgonjwa, muulize kwanza maana si kila mtu anapenda. Glavu ni za damu na usaha, salamu haivaliwi glavu. Unanisikia lakini? Picha yako ya yunifomu nimezunguka nayo soko zima mpaka wauza dagaa wananikimbia.

Huku mnyauko umekula migomba mitatu nyuma ya jiko, baba yako anakata mgonjwa na mzima kwa panga lile lile bila kulipitisha motoni, nimeongea nimechoka. Bati la jiko linavujia magunia ya maharage, mshahara ukitoka anza nalo. Senene wako kopo moja, usiwafungue njiani.

Kesho jioni ukija kuchukua begi pitia kwanza kwa yule bibi, nimeshamwambia unakuja.

Mama yako