Mhariri, hiyo "ghafla" ilikuwa ghafla kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Jumatano asubuhi ukurasa wako wa mbele ulikuwa na picha ya lori lililolala ubavu kwenye theluji, na juu yake herufi kubwa: dhoruba ya ghafla. Nimelikata neno hilo "ghafla" na kulibandika ukutani, maana ndilo linalonifanya niandike barua hii.

Siku moja kabla, Jumanne, kile kisanduku chenu cha hali ya hewa kiliandika hivi: mchana nyuzi 6, usiku nyuzi 15 chini ya sifuri, mvua, theluji, upepo. Hapakuwa na uongo hata chembe. Mchana zilifika 6 kweli, na usiku ulipoingia zilikuwa 15 chini ya sifuri. Shida yangu ni safari ya kutoka 6 hadi huko chini, ambayo mtu yeyote mwenye akili zake angedhani ingefanyika jua likishazama. Ilifanyika mchana kweupe, nami nilikuwa barabarani na koti la mvua na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja.

Tulitoka saa sita na nusu. Manyunyu, matope, theluji ya wiki iliyopita imebaki vipande vyeusi kando ya njia. Baada ya siku nyingi za baridi, vuguvugu lile lilimlevya mtoto. Akafungua zipu, akatia glovu zake mfukoni, nami sikumkataza kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nimeacha kofia nyumbani. Mwendo ni wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Tulikuwa katikati ya njia pale upepo uliokuwa ukitusukuma mgongoni ulipokatika. Pakawa kimya, kama pumzi moja au mbili hivi. Kisha ukatujia usoni, mkavu, unaunguruma, na nyuma yake anga lina ukingo mweusi ulionyooka kama umepigwa rula.

Ukingo ule ni mahali ambapo hewa nzito iliyoshuka kutoka upande wa ncha ya dunia inajipenyeza chini ya hewa ya vuguvugu na kuibeba juu juu. Haichanganyiki nayo taratibu kama maziwa kwenye chai. Inaiondoa. Ndiyo maana joto haliteremki ngazi kwa ngazi, linaanguka. (Kiswahili chetu hapa hakinisaidii. Kaskazi kwetu ni upepo wa joto, kwa hiyo mtu akiniambia "upepo umegeukia kaskazini" moyo wangu haushtuki inavyopasa.)

Manyunyu yakawa chenga za barafu, chenga zikawa unga unaopita kwa ubavu. Nikamwambia mtoto afunge koti. Zipu ilikuwa imelowa; ikaganda ikiwa chini kabisa, kitovuni. Nikaipulizia pumzi, ikapanda vidole viwili, ikakwama tena, safari hii mbaya zaidi, kwa sababu mvuke wa pumzi yangu nao uliganda palepale. Glovu zake zilikuwa zimelowa humo mfukoni. Nikamvisha zangu, zikampwaya. Suruali yangu iliyorowa hadi magotini ikaanza kukakamaa, nikawa naisikia kila hatua, ko, ko, kama vibao viwili. Nikatoa simu nimpigie dada. Ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Ikazima mkononi, betri za aina hii zikipigwa na baridi huwa hivyo.

"Mjomba, vidole vimelala."

"Vinauma?"

"Vilikuwa vinauma. Sasa haviumi."

Hilo jibu la pili ndilo lililonifanya niache kufikiria kufika nyumbani. Tuligonga mlango wa kwanza uliokuwa na taa. Mlinzi wa pale, mama mtu mzima, aliona nimeanza kumsugua mtoto mikono akanikemea: "Usimsugue! Utamchubua." Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe, ngumu kidogo, kama nta ya mshumaa. Akaleta beseni la maji, akayajaribu kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akasema yawe ya uvuguvugu tu, joto la mwili au kuzidi kidogo, maana vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kujua kama maji yanaunguza. Damu iliporudi mtoto alilia sana. Mama yule akasema kilio hicho ni habari njema. Leo yuko salama, ngozi ya kidole kimoja tu inabanduka, na anaionyesha shuleni kwa majivuno.

Sasa turudi kwenye kisanduku chenu. Neno "upepo" limekaa pale mwishoni peke yake, kama chumvi iliyosahaulika. Upepo haushushi kipimajoto. Chuma na jiwe vitabaki na nyuzi zilezile za hewa. Lakini mwili wa mtu umejifunika hewa nyembamba iliyopashwa joto na ngozi, na upepo kazi yake ni kuivua hiyo shuka kila inapotandikwa. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika miaka ya 1940 kwa kuangalia maji kwenye chupa ya plastiki yanaganda kwa muda gani upepo ukiongezeka, na mwaka 2001 Marekani na Kanada zikaanza kutumia hesabu mpya iliyorekebishwa. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 29 chini ya sifuri na hewa imetulia. Katika baridi ya namna hiyo ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika kumi hadi thelathini. Nyumbani kwetu palikuwa bado dakika kumi na mbili.

Najua mtajibu kwamba mtu mzima anajitazamia mwenyewe. Sikatai, kofia niliiacha mimi. Ila ninyi mna kumbukumbu za magazeti, na mkizifungua mtaona kwamba dhoruba zinazoua zaidi ya baridi yake ni zile zinazotanguliwa na asubuhi nzuri. Tarehe 12 Januari 1888, kwenye mbuga za Nebraska, Dakota na Minnesota huko Marekani, kulipambazuka vuguvugu baada ya siku za baridi kali. Watu wakatoka na nguo nyepesi, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Dhoruba ikawakuta masomoni au njiani wakirudi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235, wengi wao watoto, na mpaka leo Wamarekani wanaiita dhoruba ya watoto. Tarehe 11 Novemba 1940, katika eneo hilohilo la kati ya Marekani, wawindaji wa bata walikuwa kwenye visiwa vya mto Mississippi na nguo za siku ya joto. Zaidi ya watu 140 walikufa katika dhoruba ile. Kabla ya hapo utabiri wa eneo lote hilo ulikuwa ukitoka Chicago. Baada ya lawama, ofisi za utabiri zikaongezwa na kazi ikawa ya saa ishirini na nne. Lawama wakati mwingine husaidia, ndiyo maana nami naleta yangu.

Na msiniambie hayo ni ya kale. Tarehe 21 Desemba 2022, mjini Cheyenne, Wyoming, kipimajoto kilitoka kama nyuzi 6 juu ya sifuri hadi karibu nyuzi 16 chini yake kwa nusu saa. Nusu saa! Ilianza saa saba na dakika tano mchana. Gazeti ambalo siku ile lingeandika "mchana 6, usiku 16 chini ya sifuri" lingekuwa limesema kweli tupu, na msomaji wake angeganda akiwa nalo kwapani.

Tofauti ya 1888 na leo ni kwamba leo inajulikana. Ile ya Desemba 2022 watabiri waliitangaza siku kadhaa kabla haijafika. Mstari wa hewa baridi unaonekana kwenye ramani, mwendo wake unapimwa, na saa ya kufika kwake hukadiriwa. Unaweza kukosea kwa saa moja au mbili, lakini hauwezi kuchanganya adhuhuri na usiku wa manane. Taarifa za saa kwa saa zipo, na aliyeandaa kisanduku chenu alizipunguza hadi zikabaki namba mbili ziweze kuenea. Ghafla yenyewe ilitengenezwa hapo, kwenye meza ya kupanga kurasa.

Alhamisi mkatuchapishia mawaidha nusu ukurasa: vaa nguo za tabaka tabaka, funika masikio, usitoke bila sababu. Asanteni. Upepo ulikuwa umeshatulia tangu alfajiri.

Ninachoomba ni mistari miwili tu. Wa kwanza, baridi inaingia saa ngapi. Wa pili, ikishaingia, mwili utaihisi kama nyuzi ngapi pamoja na upepo. Kama nafasi ndiyo tatizo, nimepima kwa rula: kile kijiwingu chenye macho na tabasamu mnachokichora kila siku kushoto mwa kisanduku kinakula sentimita tatu kwa mbili na nusu. Mistari miwili inaenea pale, na kichwa cha habari juu.

Msomaji wenu,
Mjomba mtu