Kabla hujatuletea boksi la AC, tuambie unalala wapi

Wenye magari ya kambi, yale yenye kitanda na jiko ndani, wengi hufika karakana kwetu boksi likiwa tayari ndani ya gari. Ni spliti ya nyumbani, yaani AC ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), imenunuliwa kwa punguzo, na swali lao ni moja tu: mtafunga lini? Nasi tunarudisha swali: usiku huwa umechomeka umeme wa kambini, au unalala porini kwa betri? Wengine hukunja uso. Wamekuja kwa fundi wa AC, wanaulizwa habari za usingizi.

Tunauliza kwa sababu kupoza chumba kidogo kama hicho si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba nyumba ina vitu viwili ambavyo gari halina, yaani umeme usioisha na ukuta usiotikisika. Spliti imetengenezwa ikivitegemea vyote viwili.

Hata hivyo hatumkatishi mtu tamaa, maana wazo lenyewe ni zuri. Kiyoyozi cha juu ya paa cha BTU 13,500, kile cha kawaida kwenye magari haya, hula wati 1,300 hadi 1,500 na huunguruma moja kwa moja juu ya kichwa cha aliyelala. Spliti ya BTU 9,000 yenye kompresa ya inveta hula wati 700 hadi 800 ikienda kwa nguvu, na chumba kikishapoa hushuka hadi 300 au 400. Kompresa iko nje, ndani unasikia feni tu. Na ndiyo, tumetaja 9,000 makusudi. Ile ya 12,000 kwenye gari dogo hupoza haraka mno, ikazima kabla haijakausha hewa. Unalala kwenye baridi yenye unyevu, shuka imekunata mwilini, huku umebeba uzito zaidi na kula umeme zaidi.

Sasa hesabu ya betri. Tuseme usiku mzima inakula wastani wa wati 450. Ongeza kinachopotea kwenye kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, fanya 500. Saa nane ni wati-saa 4,000. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa 100), ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka idumu usiteremke chini ya nusu. Umebaki na 600, yaani saa moja na dakika chache. Betri ya lithiamu ya Ah 300 ina takriban wati-saa 3,840, hiyo inakaribia kukufikisha alfajiri. Kuijaza tena ni habari nyingine. Paneli za sola za wati 400 zilizolala bapa juu ya paa, siku ya jua zuri, hukupa kama wati-saa 1,600 hadi 2,000. Hiyo ni nusu ya usiku. Altaneta ya gari la zamani nayo ilitengenezwa kwa ajili ya taa, redio na betri moja ya kuwashia. Ukiiunganisha ovyo na lithiamu inayofyonza umeme bila kiasi, utaiunguza. Lazima pawe na chaja katikati ya kupunguza mfyonzo huo.

Kwa hiyo anayelala kambini amechomeka, kazi yake ni nyepesi: tunakagua waya, waya wa ardhi (earth) wa chasisi, na swichi ya usalama inayokata umeme ukivujia bodi ya gari. Magari mengi ya miaka ya nyuma swichi hiyo hayana, na hatufungi AC bila hiyo. Anayelala porini, bajeti yake kubwa itakwenda kwenye betri wala si kwenye AC. Ni heri alijue hilo kabla ya kununua boksi.

Neno inveta, kwa njia, linaleta mkanganyiko kila wiki. AC ya inveta ni ile ambayo kompresa yake hupunguza na kuongeza kasi. Inveta ya betri ni kile kisanduku kinachobadili volti 12 kuwa umeme wa nyumbani. Ukiwa na ya kwanza bado unaihitaji ya pili, tena iwe ya wimbi laini kama la gridi, maana zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi-ngazi huchosha na hatimaye huua kadi ya AC, yaani bodi yake ya elektroniki. Waya kutoka betri hadi kwenye kisanduku hicho uwe mfupi na mnene: wati 750 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 60, na waya mwembamba hapo unageuka hita.

Tuje kwenye mtetemo, ambao ndio huharibu kazi nyingi tunazoletewa kurekebisha. Mabomba ya shaba yakifungwa kama ya nyumbani, yamenyooka na kubanwa pande zote mbili, yanapasuka shingoni pale yalipotanuliwa kuingia kwenye nati. Gesi inavuja taratibu, AC inapoteza nguvu, mwenye gari anaongezewa gesi, miezi mitatu baadaye yuko palepale. Dawa yake ni kuacha mzingo wa bomba, duara moja au mawili yaliyolala, yapokee mtikisiko badala ya kiungio. Bahati nzuri mzingo huo unahitajika hata hivyo. Kipande cha nje huja na gesi iliyopimwa kwa ajili ya bomba la mita kadhaa, na watengenezaji wengi wanataka lisipungue mita 3. Fundi anayelikata liwe fupi ili kazi ionekane nadhifu, anaharibu.

Viungio vyenyewe tunavishusha chini ya sakafu, nje ya chumba. AC nyingi mpya zinatumia R-32, gesi inayoweza kushika moto ingawa si kwa urahisi, na humo ndani kuna jiko na mtu aliyelala. Baada ya kuunganisha tunajaza naitrojeni na kuiacha na presha usiku kucha. Geji isiposhuka, tunavuta hewa kwa pampu ya vakyumu hadi chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani ya bomba), ndipo gesi inafunguliwa. Anayekuahidi kumaliza kwa saa mbili ameruka mojawapo ya hatua hizo.

Kipande cha nje kinakaa wapi? Kwa kawaida nyuma, juu ya fremu iliyofungwa kwenye chasisi na kukalia raba. Bampa la bati lenye kutu halitoshi, hata likionekana imara. Kipande kina uzito wa kilo 25 hadi 30, lakini kikining'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya mbao: springi za nyuma zinabeba zaidi ya kilo hizo, na mbele gari linakuwa jepesi. Pima gari likiwa limejazwa maji na mizigo kabla ya kuamua. Kisifiche taa wala namba ya gari, na kisikae mdomoni mwa eksozi. Volkswagen T2 injini yake iko nyuma, kwa hiyo hapo utakuwa umeziba mlango wa injini; hizo tunaanza kwa kutafuta nafasi chini ya sakafu, na mara nyingine haipatikani. Tukikosa nafasi tunakwambia, na tunakushauri ile ya paani pamoja na kelele zake.

Bomba la maji ya AC litelemke hata gari likiegeshwa limeinama kidogo, la sivyo maji yanarudi kitandani.

Na kabla ya yote hayo, funika vioo. Kioo cha mbele peke yake huingiza joto la kushangaza. Pia bandua ubao mmoja wa ukuta utazame sufi ya kuzuia joto iliyo nyuma yake. Kwenye gari la miaka thelathini mara nyingi imelowa, imeshuka chini yote, na bati la juu liko tupu. Wapo wateja waliotengeneza hilo kwanza, wakagundua feni ya paani inawatosha usiku, wakaliuza boksi.

Ukishafungiwa, tembea kama kilomita 1,000 kisha urudi. Tunakaza nati za fremu, tunapaka maji ya sabuni kwenye viungio kutafuta povu, na tunaangalia kama bomba linasugua popote. Ni kazi ya nusu saa, na hatuitozi.