Kuhusu dodoso la watoto

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza kama yale maswali 10 ya ACE, yanayohesabu mabaya yaliyompata mtu utotoni, yanatosha kupima kiwewe cha watoto wa Honduras na Guatemala wanaokuja kliniki kwenu Marekani. Hayatoshi, mwenzangu. Yana asili yake kwenye utafiti wa madaktari Felitti na Anda wa San Diego, California, uliotoka 1998, na waliohojiwa walikuwa watu wazima wenye bima ya afya, wengi wao Wazungu. Baba kurudishwa kwao kwa nguvu hakumo, wala safari ya kukatiza Mexico.

Hata yaliyomo yanateleza. Ukiuliza kama wazazi wametengana, mama atajibu ndiyo kwa kuwa mume kabaki kwao Tegucigalpa, Honduras, na ndoa yao nzima kabisa. Ukiuliza kama kuna wa nyumbani aliyefungwa, atasema hapana, huku mjomba yuko kizuizi cha uhamiaji. Hiyo kwake si jela. Moja linapandisha alama, jingine linashusha, jumla inaonekana sawa tu.

Chukueni PEARLS, fomu ya California ya kuuliza mambo hayohayo. Ya watoto ina maswali 17: yale 10 na mengine 7. Yale 7 ya nyongeza yanagusa ubaguzi, njaa, makazi, hata mtoto kutenganishwa na mlezi kwa sababu ya uhamiaji. Iko ya Kihispania, na iko namna ambayo mzazi anaandika jumla tu, bila kuonyesha ni maswali yapi kajibu ndiyo. Kwa familia isiyo na karatasi za uhamiaji anzeni na hiyo, na kabla ya kalamu kuguswa mwelezeni nani ataiona fomu na sheria inawalazimu kuripoti nini. Sufuri ya mzazi mwenye hofu haina maana yoyote.

Kuhesabu matukio si kupima maumivu. Kwa walio na miaka 8 hadi 18 ongezeni CPSS-5, dodoso la dalili za kiwewe: dalili 20 za mwezi uliopita, kila moja 0 hadi 4, na jumla ikiwa 31 kwenda juu mpelekeni mtoto kwa mtaalamu.

Msidhani kila Mguatemala anajua Kihispania vizuri. Wapo wanaosema Kimam na Kik'iche', lugha za Wamaya; tafuteni mkalimani, asiwe dada wa mtoto.

Swali moja haliko kwenye fomu yoyote kati ya hizo: nani alikulea kabla hujaja? Wengi waliachwa kwa bibi wakiwa wadogo, wakamzoea kama mama, kisha wakaitwa Marekani. Fomu itaandika kwamba mtoto amekutanishwa na mzazi. Andikeni pembeni kwamba ameachana na bibi, na umri aliokuwa nao.

Wako,
Zuhura