Usisaini ile karatasi

Moshi, Jumapili 15 Juni

Mwanangu Neema,

Picha ya karatasi ambayo tajiri wako anataka usaini, uliyonitumia jana usiku, nimeikuza kwenye simu mpaka herufi zikavunjika. "Naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe." Hiari gani, na siku ya Jumanne amekufukuza dukani mbele ya wateja? Usisaini. Hata akikuambia mshahara wa mwezi huu hautoki mpaka usaini, usisaini. Siku ulizofanya kazi ni deni lake kwako.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilisaini. Hii hujawahi kuisikia, ulikuwa hujazaliwa. Mwaka 1991 nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la kahawa. Bosi akataka gunia likisoma kilo 58 niandike 55. Siku moja aliyesimama mbele yangu na magunia yake ni mzee aliyekuwa akisali kanisa moja na bibi yako. Nikaandika 58. Wiki ile ile nikaitwa ofisini, nikawekewa karatasi kama hiyo yako na bahasha pembeni. Mama yako alikuwa na mimba ya kaka yako, nikaitazama bahasha, karatasi sikuisoma. Nilipokwenda baadaye kulalamika, wakanionyesha sahihi yangu. Nzuri kabisa, na mkia wake.

Baba yako mdogo anasema rudi ukamwombe tajiri radhi, kazi siku hizi ni adimu. Ni adimu kweli, simbishii. Lakini radhi ya nini, ya kukataa kudanganya? Mteja kalipa 1,450,000 ya mabati na saruji, wewe unaambiwa mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, itoe risiti ya 145,000. Wakija kukagua, tajiri atasema keshia alisahau sifuri. Na keshia ni wewe.

Alhamisi nilishuka mjini mpaka ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo mnayoiita CMA. Nilitaka kuuliza tu kabla sijakushauri ovyo. Nikaonyeshwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37. Kimeandikwa wazi: kumwachisha mtu kazi kwa sababu amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye, hiyo si sababu halali. Nilikaa kwenye benchi nikakisoma tena. Na anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki ni yeye mwajiri. Kama ungekuwa na chini ya miezi 6 kazini kifungu hicho kisingekusaidia, ila wewe una miaka 3.

Sasa siku. Una siku 30 tangu Jumanne ile, tarehe 10. Mama yako amezungushia tarehe 10 Julai kwenye kalenda ya parokia, lakini usingoje ifike. Nenda CMA hapo Arusha wiki hii, uchukue fomu namba 1, na ile sehemu ya walioachishwa kazi uijaze yote. Nakala lazima umfikishie tajiri na upate uthibitisho kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, rudi uwaambie palepale Tume. Kwanza mtakaa na msuluhishi, mkishindwana shauri linasikilizwa na mwamuzi. Fomu itakuuliza unataka nini: kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Hilo lifikirie usiku ukiwa peke yako. Mimi nisingerudi, lakini si mimi ninayelipa kodi ya chumba huko mtaa wa Sakina.

Kando ya fidia, mdai vyako vya kawaida: siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukwenda, notisi ya siku 28 au malipo yake, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza (kwako ni siku 21), na cheti cha utumishi. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nao waulize kuhusu fao la upotevu wa ajira. Hapo ndipo ile karatasi ya hiari ingekumaliza, maana aliyeacha mwenyewe atasemaje amepoteza?

Ushahidi: zile meseji zake za "andika ndogo" zipige picha leo, mtumie na kaka yako, usizifute hata ukikasirika. Mkataba, hati za mshahara, majina ya wenzako waliosikia. Vitabu vya dukani usiviguse. Nakujua, ungetamani kubeba kimoja kwenye mkoba. Usimpe tajiri kesi ya wizi.

Kuhusu TRA, watu wa kodi, kwenda kutoa taarifa ni uamuzi wako, na ipo sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa. Ninachokataa ni kumwambia "nilipe, la sivyo naenda TRA". Ukishasema hivyo utaonekana mwizi mwenzake, mmegombania mgawo tu.

Mama yako hajalala vizuri, ila leo ameimba kwaya. Kesho asubuhi nampa kondakta wa Coaster ndoo: ndizi mshare, maparachichi, na shilingi 60,000 ndani ya soksi chini kabisa. Mpokee stendi saa tano. Ndoo ni ya jirani, irudishe.

Baba yako