Risala ya kikundi cha vijana wa sanaa, Busia: mabati kwanza, picha baadaye

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, mashehe na wachungaji, mama zetu, baba zetu, na nyie bodaboda mliokaa pale nyuma bila kushuka kwenye pikipiki, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa tumemruka atusamehe maana jua linapanda na sisi hatuna paa, hilo la paa tunakuja nalo.

Karibu Busia, upande wa Uganda. Tumefurahi sana kukuona, tena umefika siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo kwa kweli hatujalizoea.

Historia yetu ni fupi. Tulianza 2016 chini ya mwembe tukiwa na ngoma mbili na jerikeni, mwembe ukakatwa, tukahamia uwanja wa jirani, tukafukuzwa kwa ajili ya kelele, sasa tuko hapa. Mafanikio ni mengi mno. Tumetumbuiza kimataifa, yani tulivuka mpaka tukacheza harusi Busia ya Kenya na tukalipwa kwa hela ya kule. Tuna vyeti viwili vya mashairi, kimoja mchwa wamekula kona ila jina letu linasomeka. Na tangu baraza la mawaziri likubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, wazazi wanatuletea watoto mpaka tunawarudisha, si kwa kukataa, hatuna pa kuwaweka.

Sasa mheshimiwa tuingie kwenye lenyewe. Watoto wetu wanataka umaarufu, na wanautaka leo jioni. Hatuwalaumu, kila mtu ana simu na kila simu ina mtu aliyetajirika kwa kucheza nusu dakika, ila hawaoni kwamba hapa kwetu video inaweza kutazamwa na watu laki moja na mwenye video asiwe na hela ya bando ya kusoma komenti zake, bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Wakikosa ukumbi studio yao ni barabara. Nenda saa kumi na moja jioni pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka, utawakuta wamesimamisha simu juu ya jiwe, mmoja yuko juu ya trela anakata kiuno, dereva hajui, foleni ikisogea lori linasogea. Mmoja wa vijana wetu alianguka hivyohivyo, mguu ukavunjika mara mbili, na wenzake badala ya kumwinua wakamaliza kwanza kurekodi. Ile ya kuanguka ndiyo ilipata like kuliko zote alizowahi kuposti. Mpaka leo anachechemea na anaitwa kwa jina la ile video, hata sokoni.

Kuna binti pia, huyo hatumtaji. Alicheza akiwa na yunifomu, shule ikamrudisha nyumbani, alafu watu asiowajua wakaichukua ile video wakaiwekea maneno machafu, akafuta akaunti lakini nani atafuta simu za watu? Akatokea mwanaume mmoja wa mtandaoni akisema njoo Kampala nikufanye staa, nauli ninayo. Mama yake aliona meseji usiku wa kuamkia safari. Usiku mmoja tu, mheshimiwa. TikTok wenyewe wanasema chini ya miaka 13 usifungue akaunti na laivu ni kuanzia 18, ila hapa mtoto wa P6, darasa la sita, anaandika alizaliwa 1998 na hakuna anayemuuliza. Wanaosema serikali ifunge mitandao tunawaheshimu, lakini Facebook ilifungwa nchini Januari 2021 na hapa mpakani laini ya Kenya inashika mpaka jikoni.

Na wengine wanatafuta umaarufu kwa kutukana wakubwa. Hatuingii siasa, hatujadili hukumu ya mtu, tunasema tu kilichotokea: Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok dhidi ya Rais na familia yake, chini ya ile sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Alikiri, akaomba msamaha, akafungwa. Vijana wetu wengi hata hawajui kama sheria hiyo ipo, sisi tungewafundisha, tatizo tunawafundishia wapi, juani?

Ndiyo maana tunaomba ukumbi uezekwe. Kuta umeziona, zimefika kwenye lenta kwa michango ya hawahawa kina mama wa sokoni. Kukiwa na paa na taa, kijana atarekodi humu ndani kitu cha maana, mkubwa akiwa karibu, na barabara tutawaachia malori.

Mheshimiwa, tuseme na hili kwa adabu zote. Wewe si mgeni rasmi wa kwanza. Aliyekutangulia alisimama hapohapo ulipokaa, akaahidi mabati 120, tukapiga vigelegele, akapiga picha na watoto na bati moja la mfano, jioni ikawa mtandaoni, pongezi kibao, "kiongozi wa vijana". Lile bati moja waliondoka nalo. Aliyemtangulia huyo aliahidi mbao na saruji, naye video yake bado ipo na tunaitazama sana wakati wa mvua. Yani sisi tunawakataza watoto kutafuta jina kwenye simu, na wao wanatuuliza, mbona wageni wenu wanalitafuta kwetu? Tumekosa jibu. Hatusemi wewe uko hivyo, hapana, sura yako tu inaonyesha.

Kwa hiyo tunaomba mabati 120 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari, na kuvutiwa umeme. Fundi yuko hapa, amekaa safu ya tatu mwenye kofia nyekundu, bei anazo za wiki hii, na muuza hadwea amekubali kupokea hela moja kwa moja bila kupitia kwa kamati, maana tunajua na kamati nayo inasemwa. Kijana wako mwenye kamera tumempa soda, atapumzika kidogo mpaka tumalize hili, baadaye apige hata mia.

Katibu anakuletea daftari. Kuna sehemu ya jina, sehemu ya kiasi na sehemu ya tarehe. Hao wawili waliopita waliiacha ya tarehe wazi, wewe tunakuomba uijaze.

Tunaomba kuwasilisha.