Uzi mwembamba mno unaua trauti wetu

Mhariri,

Wengi wanaovua trauti kwa nzi bandia katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare hukimbilia uzi mwembamba kila samaki anapogoma. Uzi huo ukikatika, samaki huondoka na ndoana mdomoni. Usipokatika, mvuvi hulazimika kumvuta polepole hadi achoke kabisa, kisha humwachilia akidhani amepona. Samaki aliyechoka hivyo anaweza kufa baadaye, hasa maji yakiwa na joto, kwa kuwa hewa ndani yake ni haba.

Uzi wa mwisho, ule unaofungiwa nzi, hupimwa kwa X, na namba ikipanda unene hushuka: 3X ni milimita 0.20, 4X ni 0.18, 5X ni 0.15 na 6X ni 0.13. Uzito unaohimiliwa hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo someni kibandiko.

Kupata X inayofaa, gawanya namba ya ndoana kwa 3; ndoana nazo, namba ikipanda ukubwa hushuka. Ndoana namba 12 yataka 4X, namba 16 yataka 5X. Nzi mkubwa wa namba 8 akifungwa kwenye 6X, huzunguka hewani wakati wa kurusha, na uzi hujisokota. Nzi wa namba 18 kwenye 3X naye huburutwa badala ya kuelea na mkondo, na trauti hamgusi. Mara nyingi kinachomshtua samaki ni huko kuburutwa, wala si unene. Kwa hiyo, kabla ya kuhamia uzi mwembamba zaidi, refusha uzi wa mwisho hadi sentimita 90 hivi.

Katika Mto Gura, penye kasi na mawe, 4X inatosha. Mvua ikichafua maji, tumia 3X. 5X ni ya vidimbwi vitulivu vya kiangazi. Ziwa Rutundu na Ziwa Alice, nisingetumia uzi mwembamba kuliko 3X.

Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano hudhoofisha nailoni. Uzi ukikatika, tazama ncha: iliyojikunja kama mkia wa nguruwe inaonyesha fundo liliteleza, iliyokatika wima yaonyesha uzi wenyewe ulishindwa. Nailoni iliyokaa juani ibadilishwe hata kama kibonge cha uzi hakijaisha. Vipande vya uzi wa fluorokaboni, aina nyingine ya plastiki, virudi nyumbani mfukoni, kwa kuwa haviozi na ndege hunaswa navyo.

Mvuvi,
Nyeri